Jembe Liko kwa Shemeji

Paukwa!
— Pakawa!
Pakawa jembe!
— La nani?
La mtu asiyelima!
— Na anayelima ana nini?
Ana kucha na hasira!
— Basi leta hadithi, sisi tuna masikio!

Haya, sogeeni. Stima imeenda na haijasema inarudi saa ngapi, kwa hiyo simu wekeni chini, chaji zenyewe mnazo wapi? Mwenye mbaazi za kuchambua achambue. Anayetaka kusinzia akasinzie jikoni na paka. Hapa hatutaki mkoromo, hapa ni moto tu.

Hapo kale, kale ile ya watu na wanyama kusalimiana njiani bila mtu kuitisha appointment, palikuwa na mwanamke aitwaye Syomiti. Mume alikufa akamwachia watoto watatu, nyumba moja, na shamba la mteremkoni. Shamba lenyewe! Mawe juu, mawe kati, mawe chini. Mvua ikinyesha, maji yalishuka mbio kama yameitwa na mtu. Yalibeba udongo, yalibeba mbegu, na ukisahau viatu nje, yalibeba na viatu.

Sasa marehemu alikuwa na mdogo wake, Kitonyi. Huyo ndiye shemeji. Siku ya kumaliza matanga, watu wakiwa bado wanaosha sufuria, Kitonyi aliingia ndani, akatoka na jembe begani.

"Shemeji, hilo jembe unalipeleka wapi?" Syomiti akauliza.

"Nalichukua nimkumbuke kaka yangu."

"Mkumbuke basi kwa kuchukua watoto wake uwalishe."

"Aiya! Watoto wanakula. Jembe halili." Akaenda zake.

Tena akageuka pale kwenye njia, akapaza sauti wote wasikie. "Na sheria ya ukoo unaijua. Shamba likipita mvua za vuli bila mavuno, linarudi kwa ukoo!"

Na ukoo wakati huo ulikuwa na msemaji mmoja. Msemaji ni nani? Si mnamjua. Jembe analo begani.

Syomiti akakimbilia kwa wanawake wenzake. Wanawake wa kilima kile walilima kwa mwethya. Mwethya ni hivi, nyinyi watoto wa mjini: leo kundi zima linashuka shambani kwa huyu, kesho kwa yule, keshokutwa kwa mwingine, mpaka kila mtu apate. Halipwi mtu. Malipo ni kwamba zamu ya mwenzako ikifika, na wewe ufike. Ukikosa zamu, umejitoa mwenyewe. Lakini mlangoni palikuwa na sharti moja: uje na jembe lako.

Kiongozi wao, mama mnene mcheshi aitwaye Kavinya, akamshika mkono. "Syomiti, mwaitu, mama yetu, tunakupenda. Lakini utalima na nini? Ulimi?"

Wengine wakacheka. Syomiti hakucheka.

Basi mwenye majembe alikuwa nani? Fisi! Ndiyo, Fisi. Aliyatoa wapi, msiniulize mimi, ulizeni waliompa. Yalikuwa mengi, mapya, yamepangwa ndani ya pango lake vizuri, yananukia chuma. Na Fisi alikaa mlangoni na miwani.

Siku ya kwanza Syomiti akaenda. "Hodi, mzee Fisi. Naomba jembe."

"Karibu, mama. Una experience?"

"Nimelima tangu nikiwa mtoto."

"Kulima na jembe letu?"

"La kwenu ndilo ninaloomba."

"Basi pata experience ya jembe letu, halafu urudi."

Siku ya pili akaenda. "Hodi, mzee Fisi. Naomba jembe."

"Karibu, mama. Una mtu?"

"Mtu gani?"

"Mtu. Mtu anayekujua, ambaye na mimi namjua, ambaye akisema Syomiti, mimi nasema ah, yule!"

"Mzee, si tunajuana? Nimekuja jana."

"Jana ulikuja bila mtu. We will call you."

Siku ya tatu akaenda. Akakuta wanawake wengi wamekaa chini kwenye jua. Kulikuwa na semina! Semina inaitwa Namna ya Kushika Jembe. Fisi akachora jembe kwenye vumbi kwa kidole. Akasema, huku ni mpini, huku ni mdomo. Wanawake ambao wamelima mpaka viganja vimekuwa kama kisigino wakaambiwa warudie: mpini, mdomo. Wakapewa chai. Wakapigiwa makofi. Fisi akasimama, akafungua mikono, akatangaza, "Akina mama, sasa mmewezeshwa!"

Syomiti akainua mkono. "Na jembe?"

"Jembe ni phase two," Fisi akasema, akafunga pango.

Hapo mwanamke hakulia. Alikasirika! Ile hasira ya kutembea haraka, khanga inapepea, mdomo unaongea peke yake. "Experience! Mtu! Phase two!" Alikuwa anapiga hatua kwa nguvu hivi kwamba pale kwenye majani makavu ardhi ikafunguka, naye huyoo, mpaka kiunoni ndani ya shimo.

Kutoka chini sauti ikasema, "Nani ananikanyagia sebule?"

Alikuwa Muhanga. Mnamjua Muhanga? Masikio kama ya punda, pua kama ya nguruwe, mgongo umepinda, na kula yake ni mchwa tu. Watu humcheka. Lakini Syomiti, akiwa pale shimoni nusu mtu nusu udongo, hakutazama masikio wala pua. Alitazama kucha. Kucha ndefu, ngumu, zimechongoka.

"Samahani, baba. Hizo kucha zinachimba?"

"Unafikiri uko ndani ya nini?"

"Baba Muhanga, unaujua mwethya?"

"Mwethya ni mchwa wa aina gani?"

Syomiti akamweleza. Unanifanyia siku moja, nakufanyia siku moja, hakuna mbuzi, hakuna senti. Muhanga akasikiliza, masikio yakisimama na kulala.

"Mimi shida yangu ni maji," akasema. "Kila mvua yanashuka kilimani yanaingia mlangoni kwangu, watoto wanalala kwenye tope. Nataka mlango uzungushiwe mawe. Kuchimba najua. Kubeba jiwe siwezi, kucha zinateleza. Wewe una vidole."

"Basi mimi nabeba mawe yako, wewe unachimba shamba langu."

"Na jembe?"

"Jembe liko kwa shemeji."

Muhanga akacheka mpaka pua ikatoa vumbi. Wakapeana mkono, kidole na kucha.

Syomiti akaanza. Mawe yalikuwa bondeni, mlango wa Muhanga juu. Aliinama, akabeba, akapanda. Watoto wake wakasikia mama anaimba, wakaja wakaitikia. Na nyinyi itikieni, msinitazame tu!

Jiwe wee, jiwe panda!
— Panda!
Aliyekuita nani?
— Mikono!
Jembe liko kwa nani?
— Kwa shemeji!
Mwacheni akae nalo!
— Akae nalo!

Mlango ukazungushiwa mawe, mzuri, wa duara, hata Muhanga mwenyewe akaanza kuingia kwa kurudi nyuma ili autazame. Ikawa zamu yake.

Jua lilipoanza kuzama akapanda shambani kwa Syomiti. Akanusa. Akachimba shimo hapa. Akanusa. Akachimba shimo pale. Akanusa. Akachimba shimo kule, mavumbi yakiruka, mawe yakiruka, fruu, fruu, fruu! Asubuhi Syomiti akatoka na mswaki mdomoni, akasimama. Shamba lote mashimo! Marefu kwenda chini, yametawanyika kama shilingi zilizomwagika.

"Baba Muhanga! Mistari iko wapi?"

"Mistari ni nini? Mimi nachimba walipo mchwa."

Kijiji kikaja kutazama. Wakashika mbavu. "Syomiti amechimba makaburi!" "Atapanda maiti!" "Tutavuna mizimu!" Hata Kavinya alicheka mpaka akashikilia mti. Kitonyi naye akafika, jembe begani kama kawaida. Jembe lenyewe lilikuwa linang'aa, halijagusa udongo tangu matanga.

"Shemeji," akasema, "naona umeanza kuniandalia mahali pa kupanda migomba. Ni muvea, asante sana. Vuli ikiisha nitakuja."

Syomiti akayatazama mashimo. Kuyafukia mashimo hakuna jembe. Kuyaacha ni kuchekwa. Mawingu nayo yalikuwa yameanza kukusanyika upande wa mashariki. Akafanya nini? Akaokota mavi ya mbuzi njiani, akatia shimoni. Akaokota majani makavu, akatia shimoni. Akarudisha na ule udongo laini wa juu kwa mikono, nusu shimo tu. Kisha akaingia jikoni, akashusha kibuyu kilichokuwa kinaning'inia juu ya moto, kwenye moshi, kimezibwa kwa majivu. Ndani yake mtama, kunde na mbaazi. Mbegu za mwisho.

Binti yake mkubwa, Katunge, akamshika mkono. "Mama, tuzipike. Leo hatujala."

"Tukizipika tutashiba jioni hii tu, mwanangu."

"Na tukizitupa kwenye mashimo ya Muhanga?"

Mama alitazama kibuyu, akamtazama mtoto, akatoka nje upesi kabla moyo haujabadilika. Akapanda kila shimo.

Mvua ikaja! Nani aliwahi kuona mvua ile? Haikunyesha, ilimwagwa! Maji yakashuka kilimani yakipiga kelele, yakapita kwa Kavinya yakabeba mbegu, yakapita kwa jirani yakabeba mbegu, yakafika kwa Syomiti mbio, yanakuja, yanakuja, yanakuja... yakatumbukia! Shimo la kwanza, glu! Shimo la pili, glu! Shimo la tatu, glu! Maji yaliyozoea kukimbia yakajikuta yamekaa. Na udongo mzuri uliobebwa kutoka kwa majirani? Ukakaa nao. Syomiti alikuwa nje kwenye mvua, amelowa chapachapa, anarukaruka kama mtoto, "Kaeni! Kaeni hapo hapo! Karibuni sana!"

Halafu mvua ikakata. Ikakata kama stima yetu hii. Jua likatoka, likakaa, likakataa kuondoka. Mashamba ya kilimani yakanyauka. Mashimo ya Syomiti yakawa kijani. Chini kulikuwa na maji, juu kulikuwa na majani, na mtama ukapanda mpaka ukampita Katunge kichwa. Hakuna aliyesema makaburi tena. Watu walipita wakitazama pembeni.

Lakini mkisikia mtama, mjue ndege kwelea wako njiani. Wakaja kama wingu, wakatua. Watoto wakapiga madebe, kwelea wakatua. Wakarusha mawe, kwelea wakatua. Mama akapiga kelele mpaka sauti ikaisha, kwelea wakatua wakamtazama.

Pembeni ya shamba palikuwa na mti mkavu, na juu yake Kipanga, ndege mwenye jicho kali. Akasema, "Mama, huu mti unataka kuukata uwe kuni. Nimekuona ukiupima kwa macho."

"Kweli. Kuni za karibu nimekosa."

"Mimi hapa ndipo ninapokaa. Niachie mti, nikulindie mtama. Si mnafanya mwethya? Na mimi nitie zamu."

Syomiti akatazama mti, akatazama ng'ambo ya kilima kuni zilipo mbali. "Uko ndani," akasema. Tangu siku hiyo akawa anafuata kuni ng'ambo, mgongo unauma. Kipanga naye akawa anashuka kama jiwe kutoka juu, fyuuu! Kwelea wakatawanyika wakisema shamba hili lina wenyewe.

Mtama ukakomaa. Watoto wakala wakashiba, wakalala na mikono juu ya tumbo. Na Kitonyi akaja, safari hii na hakimu. Hakimu nani? Fisi, na miwani!

Kijiji chote kikakusanyika mchana ule.

"Vuli imeisha," Kitonyi akasema. "Nimekuja kuchukua shamba."

"Shemeji, mavuno huyaoni?" Syomiti akauliza. "Au nikuletee miwani ya hakimu?"

"Mavuno nayaona. Lakini limelimwa na nani? Wewe hukulima! Limelimwa na mnyama wa porini. Na bila jembe. Shamba lisilopigwa jembe limelimwa?"

Fisi akakohoa. "Technically," akasema, "halijalimwa." Huku anatazama mbuzi wa Kitonyi aliyefungwa pale kando.

Katunge akashika khanga ya mama yake. Wote walimtazama Syomiti, wakingoja alie, waende nyumbani.

Syomiti akasema, "Haya, shemeji. Lichukue."

"Mama!" Katunge akapiga yowe.

"Lichukue, lakini zima. Shamba hili limelimwa kwa mwethya, na mwethya una zamu. Muhanga ananidai zamu nyingine baada ya mavuno, tumekubaliana nimzungushie mawe mlango wa pili ili anichimbie tena. Kipanga anadai nifuate kuni ng'ambo, mti wake usiguswe. Kavinya, wewe ndiye kiongozi. Mtu akichukua shamba lenye zamu, zamu zinakwenda wapi?"

Kavinya akasimama, akajishika kiuno. Nafikiri alikuwa anakumbuka kile kicheko chake cha makaburi. "Zinakwenda na shamba," akasema. "Hata mtu akifa, arithiye shamba anarithi zamu. Akishindwa, amejitoa, na shamba analiacha. Hilo halijawahi kubadilika."

"Zamu ni kitu gani?" Kitonyi akajibu, kifua mbele. "Mawe tu? Leteni hayo mawe!"

Muhanga akatoa kichwa shimoni. "Yako bondeni, kijana. Mimi nangoja huku juu."

Kitonyi akashuka. Akabeba jiwe la kwanza, akapanda. Wanawake wakaanza kuimba, na nyinyi imbeni!

Jiwe wee, jiwe panda!
— Panda!
Aliyekuita nani?
— Tamaa!
Jembe liko kwa nani?
— Kwa shemeji!

Akabeba la pili. Shati likaloa jasho. Jiwe wee, jiwe panda! Akabeba la tatu, akafika nusu ya mteremko, akasimama. Jiwe likamtoka, likarudi bondeni peke yake, likibingirika taratibu mbele ya kijiji chote.

Kitonyi akakaa chini. "Sikilizeni," akasema akihema. "Nitatoa mbuzi. Mbuzi mmoja mzima, tuyamalize."

"Mwethya haulipwi kwa mbuzi!" wanawake wakajibu kwa sauti moja.

"Mimi nampokea," Fisi akasema.

Na kabla mtu hajageuza shingo, hakimu alikuwa ameshampokea. Na pembe. Na kamba.

Kitonyi akatazama pale palipokuwa na mbuzi. Hapana kitu. Akatazama shamba. Wanawake wote walikuwa wamesimama mbele yake. Akateremsha jembe begani, akaliweka chini mbele ya Syomiti, akaondoka bila kuaga. Mpaka leo Kitonyi hamkumbuki kaka yake kwa sauti.

Syomiti akaliokota, akalipima mkononi, akampa Katunge. "Hili ni la baba yako. Ulitumie." Kisha akamgeukia Kavinya. "Mwaitu, nataka kurudi kwenye mwethya. Lakini lile sharti la mlangoni liondoke. Anayekuja na jembe aje. Anayekuja na kucha aje. Anayekuja na mikono mitupu, aje, tutamwonyesha mawe."

Kavinya akamkumbatia mpaka mifupa ikalia. Msimu uliofuata kilima chote kilikuwa na mashimo, kuanzia juu mpaka mtoni, na mwethya ulikuwa mkubwa hivi kwamba wimbo wake ulisikika ng'ambo. Syomiti akajenga ghala. Akabadilisha mbaazi kwa mbuzi, mbuzi wakazaa, mabati yakapanda juu ya nyumba yake, na hakuna mtu aliyeenda tena kuomba kitu kwa Fisi.

Sasa Fisi angekula nini? Pango limejaa majembe yenye kutu, na majembe hayaliwi. Njaa ikamtoa. Akaja kwa Syomiti, miwani mkononi.

"Hodi, mama Syomiti. Naomba kazi."

Wanawake wote wakaacha kulima. Walijua swali linalokuja. Hata Fisi alilijua, akainamisha kichwa. Syomiti akavuta pumzi, akamtazama juu mpaka chini.

"Una experience?"

"Sina, mama," Fisi akasema, sauti ndogo.

"Sawa. Hapa hatuulizi hilo. Jiwe lile pale."

Aiii! Nderemo zilizopigwa siku ile! Fisi akaenda, akainua jiwe moja, moja tu, akalitia mgongoni. Mgongo ambao haujawahi kubeba kitu ukalegea nyuma, pwaa! Akalitupa jiwe akakimbilia porini, na ndiyo maana mpaka leo Fisi nyuma yake imeshuka. Ukimwona anachechemea njiani, usimwonee huruma. Alipewa kazi, akashindwa na jiwe la kwanza.

Funzo ni hili, na mimi simung'unyi maneno. Anayekaa juu ya majembe akikuuliza experience, mwache na miwani yake. Tafuta mwenye kucha, wewe una vidole, mfanyiane zamu. Na mtu akitaka kuchukua ulichokilima, mpe na mawe yake.

Mimi vyeti vyangu vya shule viko juu ya kabati vinangoja kazi, vimetulia kuliko mwenyewe. Shangazi amesema kesho mwethya uko kwake, na hakuna atakayekula kabla hajachimba shimo. Mnacheka nini? Na nyinyi mko kwenye hesabu!

Hadithi imeishia shambani, mimi nimerudi na mavumbi yake. Maghala yenu yajae dumuzi, wadudu wa kutafuna nafaka, langu lijae mbaazi.
— La! Letu lijae mbaazi!
Basi njooni na mikono.